Kopo la Biskuti

Jumamosi ya pili ya Novemba, mjini Iași,
lifti imekufa, nasi wanne wa mwaka wa tatu
tumetandika meza chini ya ngazi za jengo la kumi na saba:
ndoo ya manjano, glavu, kalamu ya wino mzito,
na tangazo la Ilinca, herufi zimeinama kama zinapanda mlima:
*Leteni dawa msizotumia. Hatuulizi swali.*

Mimi niliuliza, lakini kimoyomoyo.
Dawa ya moto ni moto, haya,
na dawa ya dawa?
Profesa Zamfir alitueleza kidonge kinavyoingia,
kinayeyukia wapi, ini linakifanya nini.
Kisichomezwa huenda wapi, hakugusia.

Huenda kwenye droo,
kikalala na betri, kamba za viatu,
na ufunguo wa mlango uliokwisha kung'olewa.
Au huenda chooni. Mtu anavuta maji, ananawa, anasahau.
Maji hayasahau. Yanateremka hadi mto Bahlui
kwa samaki asiye na presha,
asiyeandikiwa na daktari yeyote.

Saa nne akaja baba na sharubati ya mtoto,
ya waridi, kifuniko kimeganda kwa sukari.
Mtoto sasa ana ndevu, akasema, akacheka peke yake.
Mwingine akataka kujua tunalipa bei gani kwa kilo.
Mwingine kaleta kipimajoto kilichovunjika
ndani ya chupa ya achari,
na Răzvan, ambaye huogopa hata sindano,
akaruka nyuma hadi ukutani.

Kisha tukasikia mkono ukisugua reli ya ngazi,
ghorofa nne, hatua, pumziko, hatua,
na Bibi Aglaia Ursache akatokea
amekumbatia kopo la biskuti kama anamshusha paka.
"Ni za Costache," akasema. "Hazihitaji tena."
Tangu Pasaka, nadhani. Hatukuuliza swali.

Ilinca akafungua.
Vya moyo, vya maji mwilini, vya usingizi,
vingine nusu, vimekatwa kwa kisu cha mkate;
tembe zimesinyaa kwenye karatasi zao za fedha.
Akavitoboa, kimoja kimoja, vikaanguka ndooni
kwa sauti ya mvua inayoanza na kughairi.

Kwenye boksi la mwisho mkono wake ukasita.
Costache alikuwa ameandika pembeni, kwa penseli:
*Jumatatu nimemeza. Jumanne nimemeza.
Jumatano Aglaia kanikumbusha. Alhamisi nimemeza,
nimemwambia Aglaia sijameza, ili aje.*

Kanuni tunaijua: jina la mgonjwa lifutwe kwa wino.
Ilinca alikwisha fungua kalamu.
Nikanusa ile harufu kali ya wino,
nikamwona bibi akiutazama ule mkono
jinsi mtu anavyotazama mkasi karibu na nywele za mtoto.

Kanuni nyingine, tuliyoifanyia mtihani na niliyoikosa:
kinachochomwa tanurini ni dawa. Karatasi si dawa.
Ilinca akafunika kalamu. Tak.
"Hili si letu, bibi," akasema, akamrudishia boksi,
na kopo pia, maana kopo ni kopo.

Jioni tukapima: kilo kumi na moja na ushee.
Răzvan akaandika kwenye fomu, akafunga ndoo kwa utepe mwekundu,
gari la taka za hospitali likachelewa kama kawaida,
tukala mbegu za alizeti tukiwa tumeketi juu ya ngazi baridi.

Lakini kabla ya hapo, alipokuwa akipanda,
taa ya ngazi ilizimika, ile ya kujizima yenyewe,
akasimama gizani kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.
Nikamsikia akilitikisa boksi karibu na sikio.
Halikulia.
Akalitikisa tena.
Nikabonyeza swichi.